Popo, Maembe na Umoja Wetu

Maneno ya mwanachama mkulima, yaliyosomwa Madungu, Chake Chake, katika sherehe ya kutimia miaka kumi ya Umoja wetu wa Ushirika





Kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo tukiwa wazima. Pili naishukuru Kamati kwa heshima iliyonipa ya kusimama mbele yenu. Wasemaji walionitangulia wamekwisha kutueleza habari za hisa, za ghala na za karafuu, nami sitayarudia. Mimi nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo kila msimu wa maembe hututoa maneno vibarazani, nalo ni popo. Naona baadhi yenu mwacheka. Chekeni, lakini mwenye mwembe uliokwisha kuliwa hacheki.

Popo ninayemsema si yule mdogo akaaye darini. Ni popo wetu mkubwa, mwenye manyoya mekundu na uso kama wa mbweha, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hupata kiasi cha futi tano. Mnyama huyu hapatikani popote duniani isipokuwa katika kisiwa chetu cha Pemba na visiwa vidogo vilivyokizunguka. Mtaalamu wa Kijerumani, Alfred Voeltzkow, alifika Pemba mwaka 1903, na mwaka 1909 popo huyu akaandikwa katika vitabu vya elimu ya wanyama kwa jina lake. Sisi twamwita popo, basi.

Wazee wetu walimwinda kwa kitoweo. Walitega kwa ulimbo na kwa nyavu, na aliyepata wawili watatu alirudi nyumbani ameridhika. Mahali pengine hawakumgusa kabisa, kwa sababu alilala katika miti ya makaburini, na watu waliona haya kufanya zogo penye wafu wao. Kisha zikaja bunduki. Mtu mmoja mwenye risasi chache aliweza kuangusha kwa asubuhi moja wasioweza kutegwa kwa mwezi. Huku misitu nayo ilikuwa imekatwa, ukabaki Ngezi na vichaka vichache. Na popo si panya. Kwa kawaida jike huzaa mtoto mmoja tu. Ilipofika mwaka 1995, wataalamu waliozunguka kisiwa kizima kuwahesabu walikadiria kuwa hawafiki 6,000. Mwaka 1996 wakatiwa katika orodha ya dunia ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Mwaka huo huo ilipitishwa hapa Zanzibar Sheria Na. 10 ya Usimamizi na Hifadhi ya Misitu. Lakini, Bwana Mwenyekiti, sheria ni karatasi mpaka apatikane wa kuilinda. Waliolinda ni watu wa vijijini. Watu wa Kidike walikataza bunduki katika miti yao, wakakaribisha wageni waje kutazama kwa kiingilio, na vijiji vingine navyo vikajiwekea masharti. Katika muongo uliofuata popo wakahesabiwa tena, wakapatikana zaidi ya 20,000, na mwaka 2008 wakashushwa daraja katika ile orodha ya hatari. Ni mara chache duniani mnyama aliyefikia ukingoni kurudi kwa namna hiyo, na waliomrudisha ni wakulima kama mimi na nyinyi.

Haya ndiyo ya kujivunia. Sasa nataka kusema yale ambayo katika sherehe huwa hayasemwi.

Popo walipoongezeka, malalamiko nayo yaliongezeka. Mkulima huamka asubuhi akakuta mwembe wake umepekuliwa. Hushtaki kwa Sheha, na Sheha humjibu kuwa mnyama huyu amelindwa. Basi yule mkulima hujiuliza: amelindwa popo, na mimi je, nani anilinde?

Swali hili nililiuliza mimi mwenyewe. Mwaka mmoja nilikuwa nimeuza maembe yangu ya dodo yakiwa bado mtini, na fedha ya kwanza nimekwisha kuipokea na kununua sare za skuli za watoto. Haikupita muda maembe yakawa yanapukutika kila usiku. Mchuuzi akaja kudai fedha zake. Jirani yangu mmoja, ambaye leo ni marehemu, akaniambia kuwa anamjua mtu mwenye bunduki, na kwamba usiku mmoja watosha. Sitawaficha, wenzangu: nilikubali. Ilibaki kupanga siku tu.

Kabla ya siku hiyo nilikutana na Bwana Shamba mmoja, nikamweleza shida yangu bila ya kumweleza azma yangu. Akanisikiliza, kisha akaniambia, "Mzee, usihukumu kesi usiyoisikia. Chukua mapakacha, nenda ukae chini ya mwembe wako asubuhi saba, utenge kila embe kwa kidonda chake."

Nikafanya hivyo. Nataka na nyinyi mjue niliyoyajua, kwa kuwa chini ya mti pana barua, nasi twapita juu yake bila ya kuisoma.

Popo hatafuni akameza kila kitu. Hufyonza utomvu na nyama laini, kisha hutema makapi yaliyokamulika kama tui lililokwisha kuchujwa. Ukiona makapi hayo, aliyekula ni popo, naye amekula lililoiva, kwa sababu huongozwa na macho na harufu. Ukiona embe bichi limeumwa mara moja likatupwa, na umesikia makelele mchana, huyo ni tumbili. Dafu lililotobolewa karibu na kikonyo ni kazi ya panya. Na embe lililoanguka zima, likiwa na kitobo kama cha sindano, ukilipasua ukakuta funza, huyo ni nzi wa matunda. Nzi wa aina mpya aligunduliwa Kenya mwaka 2003, akaenea upesi katika nchi zote za pwani yetu, naye hutaga mayai ndani ya ganda, embe likaoza likiwa bado lapendeza kwa nje.

Asubuhi ya saba niliyatazama mapakacha yangu. Pakacha la popo lilikuwamo kitu, sikatai. Pakacha la tumbili lilikuwamo kitu. Lakini pakacha lililojaa kwanza, likajaa tena, lilikuwa la nzi. Nilikuwa tayari kuvunja sheria na kumwaga damu ya mnyama kwa kosa ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa ya mdudu. Nzi hapigwi bunduki. Huangamizwa kwa kuokota kila embe lililoanguka, kila siku, na kulizika kwa kina cha zaidi ya dhiraa moja, ili funza wasipate kugeuka nzi wakarudi mtini. Na kazi hiyo haifai kufanywa na mtu mmoja. Mimi nikizika na jirani yangu akaacha, nzi wake watakuja kwangu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Labda mtu atasema, "Haya, nzi ashughulikiwe, na popo naye apunguzwe." Huyo namwomba atazame kisiwa cha Morisi. Huko wana popo wa ukoo mmoja na wetu, na wakulima wao wa maembe na lichi walilalamika kama sisi. Serikali ikaruhusu wauawe. Mwaka 2015 waliuawa kiasi cha 30,000, na mwaka 2016 zaidi ya 7,000. Mavuno hayakupanda kama ilivyotarajiwa; malalamiko yakabaki, na mwaka 2018 ukaidhinishwa uuaji mwingine. Katika mwaka huo huo popo yule akapandishwa daraja katika orodha ya hatari. Wamepoteza popo, na maembe hawakuyapata. Wataalamu waliopima mambo huko waliona kuwa miti iliyofunikwa nyavu vizuri ndiyo iliyookoka.

Wala tusisahau kuwa popo hatoki mikono mitupu. Hula tini za mwituni na matunda mengine, akaruka mbali usiku ule ule, na mbegu huangusha mahali ambapo hakuna mtu wa kupanda. Hupita katika maua ya misufi na mibuyu akichukua chavua toka mti hadi mti. Misitu yetu imebaki vipande vipande, na yeye ni mmoja wa wachache wanaoviunga.

Lakini, Bwana Mwenyekiti, hapa ndipo penye neno langu. Faida hii ya popo ni yetu sote, na ni ya dunia. Hasara yake ni ya mtu mmoja, mwenye mwembe. Mgeni hutazama popo akafurahi, akaenda zake. Mjane mwenye mishelisheli miwili ndiye aliyemlisha popo yule. Jambo ambalo faida yake ni ya wote na gharama yake ni ya mmoja halidumu. Siku moja yule mmoja atachoka, na bunduki itarudi. Na kazi ya ushirika, tangu ulipoanzishwa, ni ipi ila kuutoa mzigo katika bega la mmoja na kuuweka katika mabega ya wengi?

Kwa hiyo naleta mbele yenu mambo manne.

La kwanza, kila tawi liwe na daftari la hasara, na mwanachama aandike alichokiona chini ya mti kwa kutenga popo, tumbili, panya na nzi. Bila ya daftari tutaendelea kugombana kwa kukisia.

La pili, tuwe na siku za kuokota na kuzika maembe mabovu kwa mtaa mzima, kama tulivyozoea kusaidiana katika kuchuma karafuu.

La tatu, Umoja ununue nyavu na uwaazime wanachama kwa zamu. Nyavu ziwe nene na zikazwe, maana wavu mwembamba uliolegea hunasa popo na hauokoi embe. Mafenesi yavikwe mapakacha kama walivyofanya wazee. Na maembe tuyachume yakiwa yamepevuka kabla ya kunukia, tuyapeleke sokoni pamoja, yaivie ghalani na si mtini.

La nne, pale ambapo kijiji hupata kiingilio cha wageni kwa ajili ya popo, sehemu itengwe kwa wale ambao matunda yao huliwa. Isiwe sadaka, iwe haki iliyoandikwa.

Nikamalizie kisa changu. Yule mwenye bunduki hakuja, kwa sababu nilikwenda mwenyewe kumwambia asije. Mchuuzi nilimlipa kidogo kidogo hadi msimu wa pili. Ilikuwa taabu, na sikuwa na wa kunisaidia, kwa kuwa wakati huo Umoja huu ulikuwa haujazaliwa. Leo umetimiza miaka kumi. Naomba mkulima kijana atakayekutwa na shida kama yangu asiachwe peke yake chini ya mwembe, akichagua baina ya sheria na sare za watoto wake.

Mwenyezi Mungu aubariki Umoja wetu, na atujaalie tukutane tena katika kutimia miaka ishirini.