Shule zetu za Kikatoliki: ni nani anazikagua, na kwa kipimo gani?

Hotuba ya katekista siku ya Yubile



Nimeombwa kusema machache juu ya ukaguzi wa shule zetu za Masisi na Walikale. Nitakaa juu ya jambo moja: lile neno "Katoliki" lililoandikwa mlangoni mwa shule, ni nani anayelihakikisha?

Zamani za Wabeleji ulizo hili halikuleta taabu. Shule za Misioni zilipata msaada wa Serikali, na Padri mkaguzi alitazama yote pamoja, hesabu na katekismu. Kisha, tarehe 30 Desemba 1974, Serikali ya Zaire ilizitwaa shule, na somo la dini likaondolewa darasani. Mafundisho yakabaki mikononi mwa familia na parokia. Tarehe 26 Februari 1977 mapatano yalitiwa sahihi, na usimamizi wa shule ukarudishwa kwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Ndiyo asili ya neno "konvansione" tunalolitamka kila siku. Tangu hapo nyumba moja ina wakubwa wawili. Serikali inatoa programu, inapaswa kulipa walimu, inatuma inspekta wake. Kanisa linasimamia kwa njia ya Kordinasio ya jimbo, ambayo washauri wake wanatazama somo la dini na mwenendo wa shule. Askofu naye anayo haki ya kuzitembelea shule Katoliki, hata zile zilizoanzishwa na watawa: ni kanoni 806 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983.

Inspekta akifika anaomba jurnali ya darasa na fishi za matayarisho. Mshauri anauliza: dini inafundishwa? Watoto wanasali? Misa ya mwanzo wa mwaka ilisomwa? Maulizo hayo ni mema, wala siyadharau. Lakini yanapima yanayoonekana kwa siku moja, na siku ile darasa limekwisha kufagiliwa! Tena njia zetu mnazijua. Januari 2025 vita viliingia Masisi-kati, na Machi Walikale-kati. Siku kama zile, mkaguzi gani angefika?

Tarehe 20 Machi 1993, siku ya soko kule Ntoto, katika Walikale, mauaji yalianza, yakaenea mpaka Masisi. Misioni ilikuwa imekwisha kufundisha watoto wa nchi hii kwa miaka mingi. Basi naomba karatasi ya ukaguzi iwe na mstari huu: Mhunde, Mhutu, Mtutsi na Mnyanga wanaketi benchi moja? Kiwanjani, ni mtoto gani anayeitwa kwa jina la matusi, na mwalimu anafanya nini akilisikia?

Liko lingine, na hili linauma. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya Serikali na ya konvansione haidai malipo. Lakini mwalimu ambaye jina lake halijaingia katika orodha ya mishahara naye ana watoto wa kulisha, kwa hiyo mzazi anaombwa mchango. Mtoto wa mkimbizi hana kitu, anarudishwa nyumbani. Msalaba uko ukutani, mtoto yuko barabarani. Mshauri wa dini ataandika nini? Sitaki mwalimu abebe lawama peke yake. Parokia inayojivunia jina "Katoliki" inapaswa kujua mwalimu yule anakula nini.

Kwa sababu hiyo nashauri Baraza la parokia, madirekta na komite ya wazazi waketi pamoja kila muhula, bila kumngoja mtu wa Goma, wasome majina ya waliofukuzwa, na sababu ya kila mmoja. Nanyi Mapadri wageni, mtakapotembelea shule zetu kesho, watoto watawaimbia wimbo mzuri sana. Wimbo ukiisha, ombeni kuonyeshwa orodha hiyo.