Watu Wanaotoka na Watu Wanaoingia Singida

(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja mbele ya wenyeviti wa vijiji, walimu na wazee)



Nimetakiwa kusema habari ya watu wa dunia, jinsi wanavyozidi na jinsi wanavyohama. Jambo hili ni kubwa, nami sipendi kuwachosha; kwa hiyo nitaanza na nchi yetu ya Singida.

Katika mabaraza yetu husikiwa malalamiko mawili. Mzee mmoja asema, "Vijana wamekwisha, vijiji vyetu ni vitupu." Akiisha kuketi, wa pili husimama akasema, "Ardhi imekwisha, watu wamejaa hata malisho hayapo." Wote wawili wasema kweli, na hapo ndipo pa kufikiri.

Tazameni hesabu. Mwaka 1967 watu wa Mkoa wa Singida walikuwa kama 458,000. Mwaka 2012 walihesabiwa 1,370,637, na mwaka 2022 wakawa 2,008,058. Maana yake, katika miaka ile 10 tu waliongezeka watu 637,421, nao ni wengi kuliko watu wote waliokuwako mkoani mwaka 1967. Walakini ardhi haikuongezeka hata shubiri moja.

Watoto wetu hawafi tena kama walivyokufa zamani, nayo ni neema tupu, na mama wa Tanzania kwa kadiri huzaa watoto karibu 5. Tena wako wanaoingia. Wasukuma na ng'ombe zao wameteremka Iramba na Manyoni, na wengine wakapita hata Usangu na Rufiji. Wachimbaji huja Sekenke, mahali ambapo Wadachi walianza kuchimba dhahabu mwaka 1909, na sasa huja Ikungi pia, ambako mgodi wa Mang'onyi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2023. Basi mgeni aingia kwa mlango mmoja, na kijana wetu atoka kwa mlango mwingine.

Kutoka huku si jambo geni, ingawa wazee hupenda kusema kwamba zamani kila mtu alikaa kwao. Babu zetu, Wanyaturu na Wanyiramba, walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Korogwe. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na mshahara wao ulihesabiwa kwa kipande cha siku 30 za kazi. Wako waliorudi na baiskeli na mablanketi, na wako ambao hawakurudi, wakazikwa huko. Kodi iliwasukuma, na njaa iliwasukuma. Kisha miaka ya 1973 hata 1976 watu walihamishwa tena, safari hii kuingia katika vijiji vya Ujamaa, na wengi waliacha mahame na makaburi ya wazee wao nyuma. Basi asiseme mtu kwamba vijana wa leo ndio walioanza.

Dunia nzima imo katika mwendo huu. Mwaka 1950 watu wa dunia walikuwa kama milioni 2,500. Mwezi wa Novemba 2022 walifika milioni 8,000. Lakini si kila nchi inayozidi. Japani hupungua watu tangu miaka kama 15 iliyopita, na huko ziko shule za vijijini zilizofungwa kwa kukosa watoto, hali walimu wetu hapa hukosa madawati ya kuwakalisha watoto walio nao. Nchi za wazee zatafuta vijana wa kazi, na nchi za vijana zatafuta kazi. Hata Dar es Salaam, iliyokuwa na watu wasiotimia 400,000 mwaka 1967, ilihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022. Hao hawakuzaliwa huko wote. Wengine ni wetu.

Kwa maoni yangu, si vibaya kijana mwenye akili kwenda kutafuta. Fedha anayoituma hununua mabati na mbegu za alizeti. Neno linalonitia hofu ni mabinti. Mgeni mwenye nguo nzuri hushuka katika basi, huahidi mshahara, huondoka na msichana kwenda kuwa mtumishi wa nyumbani mjini, na baada ya miezi 6 mama mtu hajui hata jina la mtaa. Manamba, pamoja na taabu yake yote, aliandikwa katika daftari. Huyu binti haandikwi popote.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefika umri huo hapewi ila kazi nyepesi isiyomzuia shule. Na tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hata kidato cha nne. Basi mzazi asemaye kwamba ada ndiyo iliyomtoa binti shuleni, aulizwe vizuri.

Kila kijiji chapaswa kuwa na daftari la wakazi. Mengi niliyoyaona yana majina ya waliozaliwa na waliokufa, lakini safu ya waliotoka ni tupu. Naomba iandikwe: jina la aliyetoka, umri wake, aliyemchukua, mahali anapokwenda, na namba ya simu ya huyo mchukuaji, naye atie sahihi mbele ya mwenyekiti kabla basi halijaondoka. Mwalimu mkuu naye alete kila mwezi majina ya watoto wasioonekana darasani, yalinganishwe na daftari lile. Akikataa mgeni kuandikwa, binti asipande.

Wenyeviti wasio na daftari, nimekuja nayo machache. Nitakaa hapa hata saa kumi.