Mandolini ya Mzee Wetu na Vijana wa JECOKE

Maneno yaliyosemwa kwa jina la komite katika mkutano mkuu wa wanachama



Leo tuna habari ya mbegu, ya likelemba, na ya mabati kwa nyumba za wajane. Katikati ya hayo tumeomba dakika 10 za kusema juu ya muziki. Mmoja wetu alituuliza: "Muziki njo tutakula?" Apana, hatutaula. Lakini mutusikilize kwanza.

Wengi wetu tulirudi kutoka kambi za Mwange na Kala, kule Zambia. Munamukumbuka mzee mwenye mandolini. Mandolini kwa desturi ina nyuzi 8, zinakaa mbilimbili. Yake ilibaki na 5, na kati ya hizo mbili zilikuwa nyaya za breki ya kinga. Watoto wetu walikuwa na banjo za mbao na debe, walizochonga wenyewe kama vijana wa Luapula wanaopiga kalindula, na walikuwa wanamucheka. Yeye alikuwa anawajibu: "Ninyi munapiga ya jirani. Miye napiga ya kwetu, ya JECOKE." Wengine wetu tulizania JECOKE ni chama cha siasa.

Sasa tuseme ni nini. Ni kifupi cha Jeunes Comiques de la Kenya, maana yake vijana wachekeshaji wa Kenya. Na Kenya hii si inchi ya Nairobi. Ni komini ya Kenya, pale Lubumbashi, wakati mji uliitwa Elisabethville. Miaka ya 1950 vijana hao walikuwa wanaimba, wanacheza, wanachekesha watu, na ngita zao kavu, pasipo umeme. Edouard Masengo alikuwa mmoja wao. Kule Likasi, iliyoitwa Jadotville, alikuwako Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimurekodi mwaka 1952, naye akapiga "Masanga". Kulikuwa na Losta Abelo pia. Upigaji wao ulikuwa wa vidole viwili: kidole gumba kinatembea juu ya nyuzi nzito, kidole cha shahada kinaimba juu ya nyuzi nyembamba. Ngita moja, unasikia kama ni mbili. Pembeni mtu anagonga chupa tupu, basi ngoma imekamilika.

Ni nani walikuwa wanawasikiliza? Ni watu wa kazi ya migodi. Union Minière iliwatoa Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga yenyewe. Kila mmoja alifika na lugha yake, hajui jirani, hana shangazi wa kumupikia. Walikutana katika Kiswahili, na nyimbo zile nyingi ziliimbwa katika Kiswahili hicho. Kwa hiyo muziki huu ni wa watu walioacha kwao na kuanza upya. Sawa sisi. Njo maana yule mzee hakuuacha kambini.

Nyuzi zile zilifika mbali. Mwisho wa miaka ya 1950 Masengo alikwenda Nairobi, akaimba matangazo ya Coca-Cola, na wapiga ngita wa kule wakajifunza kwa vidole vyake. Bosco alipiga Newport, Marekani, mwaka 1969. Lakini hapa nyumbani ngita za umeme za Kinshasa zilijaza redio, na wale wa ngita kavu wakaonekana watu wa zamani. Miaka ya mwisho ya 1970, mzungu mmoja mpiga ngita, John Low, alikuja Shaba kuwatafuta, kisha akaandika kitabu juu yao. Yeye mgeni njo alikuja kuuliza. Bosco alikufa mwaka 1990 katika ajali ya gari kule Zambia.

Lakini leo hatukuja kulaumu redio. Mzee wetu alikufa mwaka wa pili baada ya kurudi. Tulimuzika vizuri: chama kilinunua sanduku, wamama walipika siku tatu. Na hata mumoja wetu hakuwa amemurekodi, hata kwa simu. Wimbo wake wa jioni tunakumbuka mwanzo tu. Kwenye kisima wamama wawili karibu wagombane juu ya maneno ya sehemu ya pili. Wote wawili wanaweza kuwa na haki. Wa kutuamulia hayuko tena. Kosa hilo ni letu, tuliseme wazi.

Basi tunaomba mambo matatu. Hatugusi pesa ya likelemba, wala ya mbegu.

Kwanza, mwenye mzazi anayekumbuka nyimbo za kitambo amwambie mwandishi wa chama. Tutakwenda nyumbani kwake na simu. Zile tulizo nazo zinatosha.

Pili, tuandike majina yote. Sisi tunaomusifu Masengo, nani hapa anajua jina la aliyemugongea chupa? Mpiga chupa naye aandikwe.

Tatu, kwa wafadhili wetu: mandolini iko kwa mjukuu wa mzee, shingo yake imepasuka. Fundi mbao wetu ataitengeneza bure. Nyuzi hapa hatuzipati. Tunaomba nyuzi, si zaidi. Na mwenye santuri za wakati ule nyumbani kwake, atuachie tunakili.

Huyo mjukuu wa kike yuko hapa. Alijifunza banjo kambini, kwa hiyo mkono wake una kalindula ndani. Asimukosoe mtu. Atapiga zile nyuzi 5 zilizobaki, na ule mwanzo wa wimbo tunaoukumbuka. Wale wamama wawili wa kisima, tafadhali, kila mmoja aimbe sehemu ya pili anavyoijua. Mwandishi atazirekodi zote mbili.

Mwenye chupa tupu asogee mbele.