Uwakili wa Kompyuta: Kwa Nini Sharika Zetu Zigeukie Programu Huria

(Ifuatayo ni hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya wenyeviti na watunza hazina wa kamati za maendeleo za sharika, jijini Mwanza. Tunaichapisha kwa faida ya kamati ambazo hazikuweza kufika, na kwa marafiki wanaotuunga mkono.)



Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha salama, hasa wenzetu waliovuka maji kutoka Ukerewe na waliotoka Sengerema na Magu. Tumepewa nusu saa ya kuzungumzia kompyuta. Tunajua baadhi yenu mlipoisoma ratiba mlisema hapo ndipo pa kusinzia baada ya chakula. Tunaomba msisinzie, maana tutaanza na kosa letu wenyewe.

Kosa la ofisi yetu

Miaka michache iliyopita, siku tatu kabla ya kupeleka taarifa ya mradi wa karo za watoto yatima, kompyuta yetu ilikataa kufungua mafaili. Virusi vilikuwa vimeyafunga yote: majina ya watoto, shule zao, hesabu za karo. Tulikesha siku mbili tukiandika upya kutoka kwenye majalada ya karatasi.

Fundi aliyekuja kuichunguza alituambia kwamba Windows iliyokuwemo ilikuwa ya wizi. Kijana mmoja wa mjini alikuwa "ameipiga" kwa flashi kwa shilingi 20,000, na virusi viliingia pamoja na kile kiprogramu cha kuvunjia kufuli. Tulipofungua jalada la hati za malipo, hati yake tuliikuta. Ilikuwa na sahihi yetu, na maelezo yalisomeka: "matengenezo ya kompyuta." Mkaguzi alipita hapo bila kuuliza, kwa kuwa stakabadhi ilikuwepo. Fedha ya mradi wa yatima ilikuwa imenunua mali ya wizi, nasi tukaidhinisha. Wafadhili wa mradi ule tuliwaeleza. Leo tunawaeleza na ninyi.

Hatusemi haya ili kumtupia lawama yule kijana. Alifanya tulichomwomba. Lakini tangu siku ile, kila tunapotembelea sharika, tunauliza swali moja ofisini: programu hizi mmezipata wapi? Mara nyingi jibu ni kicheko.

Amri ya saba ofisini

Watoto wetu wa Kipaimara wanaijua amri ya saba, ile inayokataza wizi. Katika Katekisimu Ndogo Luther hakuishia kwenye kukataza kuchukua. Alitaka pia tumsaidie jirani mali yake ilindwe na iongezeke. Na Serikali nayo imesema: ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayolinda pia programu za kompyuta, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mwaka 2022 ikaongezeka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hiyo ya mwisho inatugusa sana. Usharika una daftari la Wakristo, orodha ya wagonjwa, majina ya watoto wanaofadhiliwa na ahadi za matoleo. Kuviweka hivyo vyote ndani ya kompyuta iliyovunjwa kufuli ni sawa na kuweka sanduku la sadaka barabarani.

Mzee mmoja alituuliza, "Mratibu, huyo tajiri wa Marekani atapungukiwa nini kwa Windows yetu moja ya huku Buhongwa?" Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba mwenye hasara kubwa si huyo tajiri. Tutaeleza baadaye kidogo, tukifika kwenye habari ya Jambo OpenOffice.

Kwa nini tunalisema sasa? Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya kuirekebisha Windows 10, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza wa muda mfupi. Windows 11 inadai mashine mpya zaidi. Kompyuta nyingi tulizopewa na marafiki zilikuwa zimetumika miaka kadhaa Ulaya kabla ya kutufikia, na haziwezi kuipokea. Kwa hiyo kila kamati ina njia tatu: kununua kompyuta mpya, kuiba tena na kukaa bila ulinzi, au kutumia programu huria.

Programu huria ni nini?

Mvuvi wa Ukerewe akirudi mwaloni alfajiri na wavu uliochanika, hukaa kivulini akaushona mwenyewe. Kama hajui, jirani yake anajua. Yakobo na Yohana walikuwa wakifanya kazi hiyohiyo mashuani Bwana alipowaita. Sasa fikirini wavu ambao umekatazwa kuushona. Ukichanika, sharti uupeleke kwa aliyeutengeneza, ng'ambo, naye akisema muda wake umekwisha, ununue mwingine. Programu nyingi tunazozijua ni nyavu za namna hiyo.

Programu huria ni ile ambayo mwenye kuitunga ameyaweka wazi maandishi yake ya ndani, akatoa ruhusa kwa kila mtu kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kumgawia mwenzake. Linux ndiyo inayojulikana zaidi. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Msidhani ni kitu kigeni: simu zenu za Android zimejengwa juu yake. Na kwa kazi za barua, taarifa na majedwali ipo LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010. Unampa jirani nakala bila kumwibia mtu yeyote.

Kanisa letu si geni katika jambo hili. Katika miaka ya 2000 hospitali kadhaa za KKKT, miongoni mwao Selian ya Arusha na Haydom ya Mkoa wa Manyara, zilianza kutumia Care2x, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa na malipo, iliyorekebishwa ili ifae mazingira ya hospitali zetu. Wizara ya Afya nayo hukusanya takwimu za zahanati na vituo vya afya nchi nzima kwa DHIS2, programu huria yenye asili Afrika Kusini na inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, huku wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishiriki kuijenga. Kwa hiyo anayesema programu huria ni za kuchezea tu aulize zahanati iliyo karibu naye.

Somo la Jambo OpenOffice

Sasa turudi kwa mzee wetu wa Buhongwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice chini ya mradi ulioitwa Kilinux. Ilikuwa seti kamili ya programu za ofisi kwa Kiswahili, ikitolewa bure na kwa halali. Mhazini asiyejua Kiingereza angeweza kufanya kazi yake kwa lugha anayosalia. Tuliokuwa vijana wakati ule tuliona mlango umefunguka.

Leo, katika ofisi tunazozitembelea kandokando ya ziwa, hatujaikuta hata moja. Sababu zipo nyingi, lakini mbili tunaziona wazi.

Ya kwanza ni wizi wenyewe. Jambo OpenOffice ilikuwa shilingi sifuri, na programu ya kuibiwa pia ilikuwa kama shilingi sifuri. Vitu viwili vikiwa bei moja, mtu huchukua kile alichokizoea. Hivyo hatukuona haja ya kujifunza kitu chetu. Vijana wetu hawakupata kazi ya kukitunza, na wakabaki wapigaji wa windo. Ndiyo maana tunasema, mzee wetu, kwamba aliyepungukiwa si tajiri wa Marekani. Ni kijana wa Igoma ambaye angekuwa fundi wa programu, na ni mhazini aliyekosa programu ya Kiswahili.

Ya pili inatuhusu sisi wa miradi, pamoja na ninyi ndugu wafadhili. Tunapenda uzinduzi. Tunapenda kukata utepe na kupiga picha na kompyuta mpya. Matunzo ya miaka kumi hayapigiwi picha. Lakini programu huria isiyo na mtunzaji ni wavu ulioachwa juani: ni halali, ni wa bure, na haukamati samaki.

Watoto wetu na gemu

Wazazi wengi hutuuliza kuhusu gemu. Ukipita Kirumba au Mabatini jioni utaona vijana wamejazana kwenye vibanda vya gemu, na wengine wameinamia simu. Hatukuja kuzilaani. Sisi nasi tulicheza bao na drafti, na mchezo hufundisha kufikiri. Lakini tutofautishe mchezo na kamari. Mashine za dubwi na kubeti ni kamari, na sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 hairuhusu walio chini ya miaka 18. Kati ya hivi viwili kuna kundi la tatu, lenye hila: gemu za simu zinazotolewa bure, kisha zikamwomba mtoto salio kidogo kidogo ili aendelee. Mzazi ahesabu vocha za mwezi mmoja.

Mbadala upo, na ulijaribiwa hapahapa Tanzania. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi 15, vijiji takriban 170 vya Mkoa wa Tanga vilipewa vishikwambi na mashine za kuchajia kwa nguvu za jua, katika shindano la Global Learning XPRIZE, kwa ushirikiano na Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto karibu 2,700, wengi wao wakiwa hawajawahi kusoma shule, walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kupitia michezo. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi ya dola milioni 10. Sharti mojawapo la shindano lilikuwa kwamba programu za waliofika fainali ziwekwe wazi, ili yeyote azichukue na kuzirekebisha.

Ndugu zangu, hiyo ni mali iliyokwisha kulipiwa, na iko katika lugha yetu. Usharika wenye ukumbi na kompyuta tatu za zamani unaweza kuwa na Jumamosi ya watoto. Ipo pia GCompris, mkusanyiko wa michezo ya kujifunzia ulioanzishwa Ufaransa mwaka 2000, unaoendeshwa kwenye mashine za kawaida bila intaneti na bila kuomba vocha.

Kuhusu sera

Taifa letu lilikuwa na Sera ya TEHAMA ya mwaka 2003, kisha ikaja ya mwaka 2016. Tunaheshimu kazi hiyo. Maoni yetu, kama kanisa lenye shule na hospitali, ni mepesi kueleza: programu inayotengenezwa kwa kodi ya wananchi iwekwe wazi kwa wananchi, isipokuwa pale usalama unapokataza. Hospitali ya misheni isilazimike kununua upya kile ambacho Serikali imekwisha kulipia. Tutakapoitwa kutoa maoni, hilo ndilo tutakalosema. Lakini hatuwezi kulisema huku ofisi zetu zimejaa programu za wizi.

Tunachoomba

Tusidanganyane kwamba ni rahisi. Waraka kutoka ofisi nyingine ukifunguliwa kwa LibreOffice huweza kupoteza mpangilio. Programu nyingine za mahesabu zinahitaji Windows; hizo zisihamishwe kwanza, zilipiwe leseni. Ofisini kwetu wiki tatu za mwanzo zilikuwa za manung'uniko, na mtunza kumbukumbu wetu nusura arudie mashine ya taipu. Leo kompyuta yetu kuukuu inaendeshwa na Linux, na taarifa zinatoka kwa wakati.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Kwanza, kila kamati iorodheshe kompyuta zake na programu zilizomo, ituletee bila aibu, hatutamshitaki mtu. Pili, kuanzia sasa fedha ya usharika isilipie programu ya wizi, hata ikiandikwa "matengenezo." Watunza hazina, mkiletewa hati hiyo, ulizeni. Tatu, kila jimbo lichague vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wafundishwe kuweka na kutunza programu huria. Nne, tukiandika bajeti tuweke kifungu cha matunzo, na wafadhili wetu, tunawasihi, msikifute kifungu hicho. Kompyuta moja pungufu na fundi mmoja zaidi, hiyo ndiyo hesabu tunayowaomba.

Ile hati ya malipo ya shilingi 20,000 hatukuitoa kwenye jalada. Tumeibandikia karatasi inayoeleza ukweli wake, ili mkaguzi ajaye aione.