Mgeni na Mwizi Juu ya Mti

 

Ndugu wakulima, nanyi wa Ipelele huko juu Makete, leo tuzungumze juu ya vile vindevu vya kijivu vinavyoota kwenye magome ya miti. Mnavijua sana. Kwa baridi na ukungu wa milima yenu, mti wa tufaha ukikaa miaka michache tu huanza kuota vindevu na mabaka. Wataalamu huviita kuvumwani.

Msimu uliopita nilifika kwa mzee mmoja wa Ipelele mwenye miti minane ya matufaha. Majirani walimwambia kwamba vindevu vile vinanyonya miti yake. Basi mzee akashika panga, akakwangua shina zima kulizunguka, mpaka mbao nyeupe ikaonekana. Alipomaliza mti wa tatu akachoka, akaacha. Nilipofika mimi, ile mitatu ilikuwa imekauka. Ile mitano yenye vindevu ilikuwa na matunda. Mzee akaniuliza, "Bwana shamba, mbona hukuja mapema?" Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu leo nasema nanyi.

Kosa lilikuwa wapi? Ni kudhani kwamba kila kinachokaa juu ya kingine kinamla. Sivyo, ndugu zangu. Mtazameni yangeyange, yule ndege mweupe anayefuatana na ng'ombe. Ng'ombe akitembea, panzi wanaruka kutoka majanini, naye yangeyange anawadonoa. Ndege ameshiba bila kuhangaika sana, na ng'ombe hakupungukiwa hata jani moja. Mmoja anafaidi, mwenzake hadhuriki. Wataalamu wanauita uhusiano huu komensalizimu, maana yake kula pamoja meza moja.

Vindevu vya mtini ni hivyo hivyo. Havina mizizi inayoingia ndani ya mti. Vinaishi kwa mvua, hewa na jua. Kwenye mti vinatafuta mahali pa kukaa tu. Ndiyo maana utaviona hata juu ya jiwe na juu ya nguzo ya ua iliyokufa zamani. Je, nguzo ina chakula gani cha kunyonywa?

Utaniuliza, "Mbona vinazidi kwenye mti uliodhoofika?" Swali zuri. Mti uliodhoofika una majani machache, kwa hiyo jua linafika hadi kwenye matawi, navyo vindevu vinapenda jua. Havikuleta udhaifu, vimeukuta. Ukiviona vingi kupita kiasi, usivipige vita. Chimbua ujue mti una shida gani: huenda maji yanatuama mizizini, au mbolea imekwisha, au magugu yamezidi. Weka samadi, palilia, kata matawi makavu. Kama vimekuwa vizito mno juu ya tawi dogo, vitoe kwa mkono baada ya mvua, vikiwa laini. Panga liache nyumbani. Chini kidogo ya gome ndiko chakula kinakopita kutoka majanini kwenda mizizini. Ukilikwangua gome mzunguko mzima, umeikata njia hiyo, na mizizi itakufa kwa njaa.

Lakini tusilale, kwa maana wezi nao wapo. Nitawataja wawili.

Wa kwanza ni kirukia, hasa ninyi wa Njombe na Makambako wenye miparachichi. Huyu ni kichaka chenye majani ya kijani kinachoota juu ya tawi. Ndege hula matunda yake yenye ulimbo, kisha huziacha mbegu kwenye tawi jingine. Mbegu ikiota huchoma ndani ya mti na kunywa maji na chumvichumvi za udongo. Utamjua hivi: pale aliposhika, tawi limevimba, na kiangazi, ncha ya tawi inanyauka huku yeye amestawi. Ukimkata yeye peke yake atachipua tena. Kata tawi lenyewe, kiasi cha futi moja kutoka aliposhika kuelekea shina, kabla hajazaa.

Mwizi wa pili anapenda matufaha. Anaonekana kama pamba nyeupe kwenye mikunjo ya matawi na kwenye majeraha ya zamani. Usimdhanie ndevu. Mbonyeze kwa kidole: kikitoka kimajimaji chekundu kama damu, hao ni vidukari, nao wananyonya kweli. Wasugue kwa brashi na maji ya sabuni mapema, kabla hawajaenea, na mwite bwana shamba wako.

Basi, ndugu mkulima, ukiona kitu juu ya mti wako, kabla ya kunyanyua panga jiulize mambo matatu. Kwanza, kimeingia ndani ya mti, au kimeshika gome tu? Pili, pale kiliposhika, pamevimba au pana jeraha? Tatu, tawi lililo mbele yake ni zima au linakauka? Kama hakikuingia, hapakuvimba, na tawi ni zima, huyo ni mgeni. Mwache akae.

Yule mzee amepanda miche mitatu mipya. Itabidi aisubiri miaka kadhaa ndipo ale tunda lake. Wewe usingoje kufundishwa na mti uliokauka.