KAZI YA WATU WA GARI LA WAGONJWA
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Eldoret



Nimeamriwa na Kamati niseme maneno machache juu ya kazi ya watu wanaofuatana na gari la wagonjwa, lile ambalo wengi wetu huliita ambulensi. Sababu yake mnaijua. Katika mkutano uliopita ilitolewa hoja kwamba Chama kinunue gari lake chenyewe, la kuwapeleka wagonjwa hospitalini na, siku ya msiba, la kuchukua maiti hadi makwao. Hoja ile ilipigiwa makofi mengi, nami nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi. Walakini kabla fedha za Chama hazijatoka benki, Kamati iliona vema tuulizane kwanza ni kazi gani hasa ifanywayo ndani ya gari la namna ile. Mimi si mganga. Kazi yangu ya kila siku ni kuandika majina ya wagonjwa katika daftari la mapokezi, na kwa miaka kadhaa nimeketi mahali ambapo milango ya magari hayo hufunguliwa mbele ya macho yangu. Niliyoyaona, pamoja na yale niliyowauliza wenyewe walipokuwa wakingoja kurudishiwa machela yao, ndiyo nitakayowaeleza.

Naanza na jambo lisilonipa sifa. Mwaka 2016, wakati wa mavuno ya mahindi, ndugu mmoja wa Chama hiki alianguka kutoka juu ya lori lililojaa magunia, katika barabara ya Kaptagat. Tulikuwa watu wanne. Tulimkuta amelala chali, akili zake timamu, akituambia kwamba shingo inamwuma, na vidole vya miguu akivichezesha. Kwa huruma na haraka tulimwinua kwa makwapa na kwa miguu, tukamketisha ndani ya pikapu katikati ya watu wawili, kichwa kikiyumba kwa kila shimo la barabara. Tulipofika, vidole vile havikucheza tena. Mganga alituuliza swali moja tu: ni nani aliyembeba, na alimbebaje? Hakuna aliyejibu. Labda uti wa shingo ulikuwa umekwisha kuharibika kabla hatujamgusa; mganga hakusema kuwa ni sisi. Lakini tangu siku ile sijaweza kusema kwamba si sisi. Ndugu huyo yumo humu ukumbini leo, katika kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha, naye ndiye aliyenipa ruhusa, tena akanihimiza, niseme habari hii mbele yenu.

Basi watu wengi hudhani kwamba kazi ya gari la wagonjwa ni mbio. Sisi wanne tulikwenda mbio sana. Hata huyo aliyelianzisha jambo hili huko Ulaya hakutafuta mbio peke yake. Alikuwa mganga wa jeshi la Ufaransa, jina lake Dominique Jean Larrey. Katika vita vya mwaka 1792 aliona majeruhi wakiachwa uwanjani mpaka mapigano yaishe, akaunda magari mepesi ya kukokotwa na farasi ili wafuatwe pale pale walipoanguka. Pamoja na magari aliweka watu waliofundishwa kufunga majeraha. Tena aliamuru kwamba atangulizwe aliyeumia zaidi, awe ofisa au askari wa chini. Nitalirudia neno hilo baadaye, na nawaomba Wazee wasinikasirikie.

Hapa kwetu hospitali ilianza mwaka 1917, ikiwa na vitanda 60, kabla reli haijafika Eldoret mwaka 1924. Hospitali hiyo ndiyo iliyokua hata ikawa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi tunayoijua. Chama cha St John kilianza kazi katika Kenya mwaka 1928, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ukasimamishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Leo Serikali za kaunti zina magari yao, na yako pia ya watu binafsi. Kwa hiyo magari si jambo geni kwetu. Jambo ambalo hatujalitazama ni watu waliomo ndani.

Kazi yao huanza kabla simu haijalia. Anayeingia zamu hapokei ufunguo tu kwa mwenzake. Dereva hutazama magurudumu, mafuta, maji, breki, taa na king'ora. Mhudumu hufungua mtungi wa oksijeni aone umebaki kiasi gani, hujaribu mashine ya kufyonza matapishi na damu kooni, huhesabu bandeji, mabanzi ya kufungia mifupa, ukosi wa kuizuia shingo, na vifaa vya kuzalishia. Kisha wote wawili hutia sahihi. Mimi kama karani nalipenda sana jambo hili la sahihi, na msidhani ni ukarani mtupu: mtungi ulio mtupu hauwezi kujazwa tena njiani Timboroa saa nane ya usiku.

Simu ikilia, anayeipokea ana kazi yake, na hapo ndipo sisi wananchi tunapowaharibia. Twapiga kelele, "Njooni upesi, mtu anakufa!" halafu twakata. Waje wapi? Katika Langas au Huruma nyumba nyingi hazina nambari. Mpiga simu ataje mtaa, kanisa au kinu cha posho kilicho karibu, na stendi ya matatu. Aseme ni watu wangapi walioumia, kama wanapumua na kama wanajibu wakiitwa. Asikate simu mpaka aambiwe. Tena apelekwe kijana mmoja barabarani na tochi. Nambari ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na ya polisi ni 999 au 112. Wengi wetu twajua kwa moyo nambari za kutumia fedha, na hizi hatuzijui.

Wakifika, utawaona wanasimama kidogo na kutazama huku na huku, na watu huanza kuwatukana kwamba wanachelewa. Kumbe wanatimiza wajibu wao wa kwanza, yaani kuhakikisha mahali ni salama. Tarehe 31 Januari 1909 haikuwa siku ile. Nasema ya mwaka 2009, pale Sachangwan, katika barabara hii hii ya kutoka Nakuru kuja kwetu, lori la petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mhudumu anayewafukuza watu na ndoo zao hafanyi ukali. Naye akiungua, hakuna wa kuwasaidia wengine.

Baada ya hapo huchagua. Hili ndilo neno la Larrey nililoahidi kulirudia. Matatu ikianguka na majeruhi wakawa kumi, mhudumu haulizi ni nani mzee, ni nani mwalimu, wala ni nani mwenye jamaa wanaopiga kelele zaidi. Anayelia ana pumzi ya kulilia. Mhudumu hupita kwanza kwa yule aliyenyamaza. Nimesikia mzee mmoja akilalamika mbele ya meza yangu kwamba yeye, mwenye mvi, aliachwa majanini na mkono uliovunjika huku kijana wa bodaboda akitangulizwa. Kijana yule alikuwa akitokwa damu pajani, nao walikuwa wamekwisha kuubana mguu wake kwa mkanda na kuandika saa waliyoubana. Mzee yule ni mzima mpaka leo, na kijana pia.

Kama hakuna moto wala hatari nyingine, hawamwinui mtu upesi. Mmoja hushika kichwa kwa mikono miwili, asikiachie hata mara moja. Mwingine huvika ukosi shingoni. Kisha wote, kwa neno la yule aliyeshika kichwa, humgeuza kama gogo moja na kumweka juu ya ubao. Ni kazi ya dakika chache. Sisi pale Kaptagat tulikuwa wanne, na watu wanne wangetosha kabisa. Kama moyo umesimama, mhudumu hukandamiza katikati ya kifua cha mtu mzima kwa nguvu, kina cha sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika moja, wakipokezana maana mtu huchoka. Kama damu yatoka, hubana kwanza, mengine baadaye. Tena humfunika blanketi. Nilidhani ni ukarimu tu, nikaelezwa kwamba damu ya mtu aliyepoa haigandi vizuri, na huku kwetu, juu ya meta 2,000, usiku hupoza hata aliye mzima.

Mara nyingine mwenye kuhitaji msaada ni mama wa uchungu, na mtoto hangojei hospitali. Dereva husimamisha gari kando, mhudumu huzalisha, humkausha mtoto na kumlaza kifuani mwa mama yake chini ya nguo. Hapo daftari langu hupokea watu wawili ambapo simu ilileta habari ya mmoja.

Juu ya dereva nitasema kidogo. Mtu aliyelala ndani ya gari huvutwa na kila breki na kila kona, na mwenzake huko nyuma amesimama akifanya kazi kwa mikono yote miwili. Dereva mzuri ni yule anayekwenda upesi bila kumtikisa mtu. King'ora humwombea njia, lakini hakimwondolei wajibu wa uangalifu. Na ninyi wenye matatu, tafadhali: gari likilia, pisheni. Tena msilifuate nyuma nyuma ili nanyi mpate kupita. Mnajijua.

Wakifika kwetu, hawamwagi mgonjwa mlangoni. Humweleza mwuguzi ni nani, ana umri gani, jambo lilitokea saa ngapi na kwa namna gani, wamekuta nini, wamefanya nini, mapigo ya moyo na pumzi vilikuwaje mwanzo na vikoje sasa. Karatasi yao hubaki kwetu. Kwa karatasi ile nimeona waganga wakianza kazi bila kuuliza swali la pili. Walioletwa kwa pikapu huja na jamaa sita wanaosema mambo sita.

Hawaruhusiwi kumwacha mgonjwa mpaka apokelewe, na hapa pana taabu kubwa isiyo yao. Mwaka 2015, Nairobi, mtu aliyegongwa na gari alizungushwa ndani ya ambulensi saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, hospitali baada ya hospitali, akafa. Nchi nzima ilisikia. Waliokuwa naye ndani ya gari walimshikilia hai kwa saa zote hizo kwa vifaa vya njiani. Na ilikuwa miaka mitano baada ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 43 chasema wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaongeza kwamba matibabu hayo ni pamoja na yale yanayofanywa kabla ya kufika hospitalini. Mwanachama yeyote akiambiwa mlangoni alete fedha kwanza kwa mtu anayekata roho, ataje kifungu hicho kwa adabu, na asiondoke.

Sasa nairudia hoja. Kuchukua maiti na kuchukua mgonjwa kwa gari moja hakufai. Gari la wagonjwa lililokwenda na jeneza safari ya siku mbili halipo mtu anapoanguka. Tena likirudi hupaswa kuoshwa kwa dawa kila mahali kabla halijapakia mgonjwa mwingine, na sioni ni nani kwetu atakayeliosha. Pili, gari la Chama litahitaji watu wawili waliofundishwa kwa kila zamu, mchana na usiku, na mishahara yao kila mwezi. Mweka Hazina ameniruhusu niseme kwamba fedha tulizonazo zatosha gari, hazitoshi watu. Tukinunua gari peke yake tutakuwa tumenunua pikapu ile ile ya Kaptagat, ila imepakwa rangi nyeupe na kuandikwa jina la Chama.

Kwa hiyo Kamati yaleta shauri jingine. Gari la maiti tulikodi kama zamani, au tulinunue kwa jina lake halisi bila kuliita la wagonjwa. Fedha za mwaka huu zitumike kwanza kuwafundisha wanachama huduma ya kwanza, watu wawili au watatu kwa kila mtaa, kwa walimu wa St John au wa Msalaba Mwekundu ambao hufundisha kazi hiyo, na kununua machela, ukosi na mabanzi ya kuwekwa nyumbani kwa mjumbe wa mtaa. Wenye bodaboda na wapakiaji wa malori waanze wao, kwa kuwa ndio wanaofika mahali kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ndugu yetu aliye karibu na dirisha amekwisha kuandikisha mwanawe, naye ni wa kwanza katika orodha. Mimi ni wa pili. Daftari liko juu ya meza pale mlangoni, na litakuwapo mpaka kura ipigwe.