Sarafu za Dhahabu za Kumbukumbu na Ulinzi wa Hazina za Kale: Funzo la Kilwa



1. Utangulizi

 Istilahi za mada hii wengi wetu tunazifahamu, hivyo nitazipitia kwa haraka.

2. Istilahi

Sarafu ya kumbukumbu hutolewa na mamlaka ya fedha ya nchi kuadhimisha tukio, mtu au urithi. Ni fedha halali, lakini wanunuzi wake wakubwa ni wakusanyaji. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye picha ya duma, katika mfululizo wa kimataifa wa kuhimiza uhifadhi wa wanyamapori. Malikale, kwa sheria yetu ya mwaka 1964, ni pamoja na vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863.

3. Tatizo: dhahabu isiyojulikana ilikotoka

Kama kuna hazina ya pwani yetu inayostahili kuwekwa kwenye sarafu ya dhahabu, ni dhahabu ya Kilwa yenyewe. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, alitawala wakati biashara ya dhahabu ya Sofala ilipoutajirisha mji huo. Sarafu zake za shaba ni nyingi, na moja imepatikana hadi Zimbabwe Kuu. Sarafu zake tatu za dhahabu zilitangazwa kwa wataalamu wenzake na mtaalamu wa sarafu Helen Brown mwaka 1991. Hazikutoka katika uchimbaji wa Neville Chittick, aliyeyachunguza magofu ya Kilwa kwa miaka mingi, na zilikotoka hakujulikani.

Linganisha na Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 wachimbaji wa kitaalamu walifukua hapo zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nje. Kwa kuwa tabaka la udongo lilijulikana na kila sarafu ilibaki na wenzake, wataalamu waliweza kurudisha enzi ya sultani Ali bin al-Hasan wa Kilwa hadi karne ya 11, ilhali Chittick alikuwa ameiweka karibu na mwaka 1200. Sarafu za Kilwa haziandikwi mwaka. Tarehe yake iko ardhini, na anayeing'oa bila kuandika chochote ameifuta tarehe hiyo moja kwa moja.

Kukomesha uharibifu huu ndiko nimekupigania kwa muda mrefu. Shaba iliyookotwa ufukweni huishia kwa mtalii. Dhahabu hatari yake ni kubwa zaidi, kwa sababu sonara huipima kwa gramu, na ikishaingia kwenye kalibu jina la sultani limekwisha. Sheria inakataza kuchimba na kusafirisha nje bila kibali, na inamtaka aliyegundua atoe taarifa. Lakini mvuvi aliyeokota kitu kinachong'aa anamjua sonara. Ofisa wa mambo ya kale hamjui. Sisemi kwamba kuna ofisi iliyozembea, kwani bajeti za taasisi zetu zinafahamika. Nasema tu kwamba jambo hili limejadiliwa katika vikao vingi na utekelezaji haujaonekana.

Wenzetu nao wamepitia haya. Mwaka 2008 Ujerumani ilitoa sarafu ya fedha ya yuro 10 yenye picha ya Sahani ya Nebra, iliyonakshiwa jua, mwezi na nyota kwa dhahabu. Sahani hiyo ilifukuliwa na wachimbaji haramu mwaka 1999, na polisi wakaipata Basel mwaka 2002. Ilibidi wataalamu walinganishe udongo ulioigandama na ule wa kilima ilikotolewa ndipo wathibitishe asili yake. Sarafu ilikuja baada ya kazi hiyo.

4. Mapendekezo

(i) Hazina isiwekwe kwenye sarafu ya kumbukumbu kabla asili yake haijachunguzwa na matokeo kuchapishwa.

(ii) Sehemu ya mapato ya kila toleo itengwe kisheria kwa ajili ya ulinzi wa eneo la kale linalohusika.

(iii) Anayetoa taarifa ya ugunduzi alipwe haraka, kwa kiwango kinachoshindana na bei ya sonara.

(iv) Masonara wapewe mafunzo ya kuzitambua sarafu za kale na wawajibike kutoa taarifa.

(v) Kila wilaya ya pwani iwe na mtu mmoja wa kupokea taarifa, anayejulikana kwa jina madikoni na misikitini.

(vi) Kila sarafu iuzwe pamoja na maelezo ya Kiswahili kuhusu mahali hazina ilipopatikana.

(vii) Maofisa wa forodha wapewe picha za sarafu za Kilwa, za shaba na za dhahabu.

(viii) Narudia pendekezo la (i): uchunguzi wa asili utangulie sarafu.

5. Hitimisho

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014. Kuta zimeweza kuokolewa. Dhahabu iliyoyeyushwa haiokoleki. Naiomba semina hii isiishie kuyapokea mapendekezo haya, bali iyapangie mtekelezaji na tarehe kabla hatujafunga kikao.